Kabla ya kuunganisha intaneti mbili, amua: unataka mbio au unataka uhakika?

"Nikiwa na laini mbili za simu na WiFi ya ploti, naweza kuziunganisha zote ziwe intaneti moja yenye mbio?"

Hilo ni swali ambalo wateja wetu wa Mwiki hutuuliza, hasa wenye maduka, wenye saiba na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni. Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Jibu refu ndilo limetufanya tuandike, kwa sababu tunaamini wengi wanaouliza hawana shida ya mbio. Wanachotaka ni intaneti isiyokatika wakati pesa iko njiani. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na ukinunua kimoja ukidhani ni kingine, pesa itaenda na shida itabaki pale pale.

Tunaposema Mwiki tunamaanisha Mwiki ya Ruiru, kaunti ya Kiambu, siyo ile ya Kasarani. Watu wa huku wameshachoka kuulizwa na bodaboda "Mwiki gani?" Mtaa umejaa nyumba za kupangisha, na ploti moja inaweza kuwa na familia ishirini zinazokula WiFi moja. Asubuhi intaneti iko sawa. Ikifika saa moja jioni, watu wameshashuka kutoka Thika Road, watoto wako kwenye katuni, mwingine anatazama mpira, na wewe kwenye duka unajaribu kufungua programu ya malipo na ile duara inazunguka tu. Mteja amesimama mbele yako na mkate mkononi. Hapo ndipo mtu anaanza kuwaza: si nichanganye hii WiFi na data ya simu?

Wazo si baya hata kidogo. Lakini hebu tulielewe kwanza.

Kuna njia tatu za kutumia intaneti mbili kwa pamoja, na wauzaji wengi huzichanganya zote kwa jina moja. Ya kwanza ni akiba: intaneti moja inafanya kazi, nyingine inangoja, na ya kwanza ikizima ya pili inashika. Ya pili ni kugawana mzigo: kazi hii inapita huku, kazi ile inapita kule. Ya tatu ndiyo kuunganisha kwenyewe, yaani kazi moja inakatwa vipande, vipande vinapita njia zote mbili na kuunganishwa tena mbele.

Fikiria matatu. Kama una wageni thelathini wa harusi wanaotoka Githurai kuja Mwiki, matatu mbili zitawafikisha haraka kuliko moja inayorudi kubeba wengine. Huko ni kugawana mzigo. Lakini wewe ukiwa peke yako, kukodi matatu mbili hakukufikishi mara mbili upesi, kwa sababu utakaa kwenye moja tu na ile nyingine itakufuata nyuma ikiwa tupu. Ndiyo maana mtu anaweka ruta ya intaneti mbili za Mbps 5 kila moja, kisha anashusha faili moja na kushangaa kuona kasi ni ile ile Mbps 5. Ruta haijaharibika. Faili yake moja imepanda matatu moja.

Kuunganisha kwenyewe ni kama kuhamisha kabati. Unalifungua vipande, milango inapanda matatu hii, rafu zinapanda ile, na yote yanafika pamoja. Lakini lazima kuwe na fundi upande wa pili wa kuvipokea na kulifunga upya kwa mpangilio. Bila huyo fundi utabaki na rundo la mbao. Na ile matatu yenye rafu ikikwama kwenye jam, milango itangoja. Kwenye intaneti, huyo fundi ni seva iliyo mahali fulani, mara nyingi nje ya nchi, na ndiyo maana programu za kuunganisha, kama Speedify iliyotoka mwaka 2014, hufanya kazi kwa kupitisha kila kitu chako kwenye seva zao. Huwezi kuunganisha kwa kuweka kifaa upande wako peke yake. Mtu akikuuzia ruta na kukuahidi kwamba itajumlisha intaneti zako mbili bila seva yoyote upande wa pili, muulize swali hilo moja tu: nani anafunga kabati?

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1994 tayari kulikuwa na kanuni ya kuunganisha njia mbili za simu za kilobiti 64 ili kupata 128. Mwaka 2013 ikatoka kanuni inayoitwa Multipath TCP, na mwaka huo huo Apple wakaitia kwenye iPhone kwa ajili ya Siri. Hapa tafadhali tusikilizane vizuri: Apple hawakuitumia Siri ipate mbio. Sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa haihitaji Mbps nyingi. Waliitumia ili ukitoka nyumbani WiFi ikififia, mazungumzo yahamie data ya simu bila kukatika. Mwaka uliofuata Samsung wakaweka kwenye Galaxy S5 kitu cha kuchanganya WiFi na data ili kushusha faili kubwa, zile za zaidi ya MB 30. Kwa hiyo mmoja alitaka uhakika, mwingine akataka mbio, na kila mmoja alijua anachokitafuta.

Sasa rudi kwenye simu yako ya laini mbili. Watu wengi hudhani kuwa na laini mbili kwenye simu moja ni kuwa na intaneti mbili. Hapana. Simu hutumia data ya laini moja kwa wakati mmoja, ile uliyochagua kwenye mipangilio. Na kwenye simu nyingi za kawaida, ukiwa unaongea kwa laini ya kwanza, data ya laini ya pili husimama hadi ukate. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo: ukichomeka waya na kuwasha WiFi pamoja, haijumlishi. Inachagua njia moja inayoona ni bora na nyingine inakaa tu. Kwa hiyo mtu aliyenunua bando mbili za siku na kuziwasha zote mbili kwenye simu moja amenunua moja ya kutumia na moja ya kuisha muda.

Tuje kwenye pesa, maana ndiyo kazi yetu.

Malipo ya simu ni kitu kidogo sana kikiwa njiani. Nambari ya anayepokea, kiasi, na PIN iliyofichwa. Ukilinganisha na video ya dakika moja ya TikTok, ni kama kulinganisha punje ya mchele na gunia. Kuongeza mbio ili malipo yapite ni kama kupanua Thika Road ili mtu mmoja avuke kwa miguu. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kebo za faiba za baharini za TEAMS na SEACOM zilikuwa hata hazijafika Mombasa; zilikuja 2009. Watu walikuwa wanatuma pesa kwa simu za kabambe kupitia menyu ya laini, bila data hata kidogo. Hadi leo ukibonyeza *334# ombi lako halipiti kwenye bando. Linapita kwenye njia ile ile ambayo mtandao wa simu hutumia kujua simu yako iko wapi na kukupigia. Ndiyo maana data inaweza kukwama kabisa na bado pesa ikatumwa.

Kuna jambo jingine watu hulisahau. Hadi Aprili 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Yaani mtu wa Mwiki akimtumia mwenzake wa Githurai shilingi mia mbili, ombi lilisafiri hadi Ulaya na kurudi. Zilipohamishiwa Kenya, kila mtu alifaidika na hakuna aliyeambiwa aongeze kasi ya intaneti yake. Njia ilifupishwa tu. Mara nyingi kinachokuchelewesha ni urefu wa safari na idadi ya mahali pa kukwama, si upana wa barabara iliyo mbele ya duka lako.

Na sasa ile sehemu inayotuuma zaidi, kwa sababu watu hupoteza pesa hapa.

Unalipa kitu mtandaoni ukiwa kwenye laptop. Tovuti inakuomba nambari ya simu, unaweka, na simu yako inaleta kile kidirisha cha kuomba PIN. Angalia vizuri: hapo kuna njia mbili tofauti zinazofanya kazi. Laptop inaongea na tovuti kupitia WiFi. Simu inaongea na mfumo wa malipo kupitia mnara. Ukiweka PIN, pesa inatoka kupitia njia ya simu, kisha mfumo wa malipo unaiambia seva ya tovuti "huyu amelipa", kisha seva inaiambia laptop yako. Sasa WiFi ikikatika katikati, laptop haipati habari. Ukurasa unaandika "malipo yameshindwa" au unaganda tu. Pesa imeshatoka! Wewe unafanya nini? Unabonyeza tena. Unaweka PIN tena. Umelipa mara mbili.

Sasa weka ruta inayogawana mzigo juu ya hali hiyo. Tovuti nyingi za benki na malipo hukutambua kwa anwani unayotokea. Ombi la kwanza limetokea kwenye faiba, la pili limetokea kwenye laini ya simu, na tovuti inaona watu wawili wanaotumia akaunti moja. Inakutoa. Unaingia tena, inakutoa tena. Ukimuita fundi anasema "shida ni benki", ukipiga benki wanasema "shida ni intaneti yako". Wote wawili wana ukweli kiasi. Dawa ipo, nayo si ghali: ruta nzuri za intaneti mbili, za MikroTik ambazo mafundi wengi wa huku wanazijua, au zile za TP-Link za biashara, zina mpangilio wa kumshikilia mtumiaji kwenye njia moja hadi amalize shughuli yake, au kuamuru kwamba tovuti fulani zipite njia moja daima. Fundi akikuwekea intaneti mbili bila kukuuliza unatumia benki gani na mfumo gani wa malipo, amekufanyia nusu ya kazi.

Vipi kuhusu zile programu za kuunganisha kwenye simu? Maoni yetu hapa hayana kona. Kwa kupakia video, kwa mkutano wa Zoom, kwa kushusha faili la kazi, jaribu, hasa kama unalipia programu kutoka kampuni inayojulikana. Kwa malipo, zima kwanza. Programu ya kuunganisha ni VPN kwa umbo lingine. Wakenya wengi walizizoea VPN wakati Telegram ilipofungwa kipindi cha mitihani ya KCSE mwaka 2023 na 2024, na tangu hapo simu nyingi zina moja ya bure iliyosahaulika inayojiwasha yenyewe. Mfumo wa malipo ukiona uko Mwiki kwa laini na uko nchi nyingine kwa intaneti, ukikuzuia si uonevu. Unakulinda, maana mwizi naye huonekana hivyo hivyo. Na zile za bure kabisa, jiulize mwenye seva analipiwa na nani. Kama si wewe, basi kuna mwingine anayenunua habari zako.

Halafu kuna bando. Baadhi ya programu hizi zina hali ya usalama zaidi ambapo kila kipande kinatumwa kwenye njia zote mbili kwa wakati mmoja, ili kimoja kikipotea kingine kifike. Ni nzuri kwa anayerusha harusi moja kwa moja mtandaoni. Lakini data inaliwa mara mbili. Mtu aliyejiwekea bando la saa moja anaona limekwisha kabla ya nusu saa, salio linaanza kukatwa, na kabla hajajua amekopa muda wa maongezi. Mbio hizo zinalipwa na nani? Kwa mtu anayehesabu shilingi hamsini, hili ni jambo la chakula cha jioni.

Wakenya wenyewe walishalifikiria swali hili vizuri zaidi ya watu wengi. Mwaka 2013 kundi lililotokana na Ushahidi, ile programu iliyozaliwa Nairobi baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, lilichangisha zaidi ya dola 170,000 kwenye Kickstarter ili kutengeneza kifaa kinachoitwa BRCK. Kiboksi cheusi kama tofali, kama jina lenyewe. Kilikuwa kinapokea waya, WiFi na laini ya simu, na njia moja ikikatika kinahamia nyingine chenyewe. Ndani kilikuwa na betri ya kukaa saa nane bila stima. Hawakukitangaza kama kifaa cha mbio. Walikiita jenereta ya akiba ya intaneti. Watu waliokaa Nairobi, wanaojua stima ikipotea inapotea na kila kitu, walipopewa nafasi ya kubuni kifaa cha intaneti nyingi walianza na betri. Baadaye kampuni hiyo hiyo ikaingiza WiFi ya bure ya Moja kwenye matatu. Ukitaka kujua sisi tunasimama wapi kwenye mjadala huu, tunasimama na lile tofali.

Kwa sababu intaneti mbili ni mbili tu kama haziwezi kufa kwa sababu moja. Tunaomba usome sentensi hiyo mara ya pili. Una WiFi ya kampuni A na WiFi ya kampuni B, lakini nyaya zote mbili zimepita kwenye nguzo moja ya stima nje ya geti, na lori la mchanga likiigonga, umebaki na sifuri. Una laini mbili za kampuni tofauti, lakini zote zimekaa kwenye mnara mmoja, maana minara mingi siku hizi hukodishwa kwa kampuni zaidi ya moja. Una intaneti mbili na ruta moja isiyo na betri. Tokeni zikiisha, zote zimezima. Nchi nzima iliona giza Agosti 25, 2023 na tena Desemba 10 mwaka huo huo, na siku kama hizo mtu mwenye powerbank na laini moja ana intaneti kuliko mwenye faiba tatu.

Hata juu zaidi iko hivyo. Jumapili Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa Kenya, na intaneti ikawa ya kobe Afrika Mashariki nzima. Kebo kama TEAMS, inayotoka Mombasa kwenda Fujairah, zikabaki kubeba mzigo. Aliyekuwa na kampuni mbili za intaneti aliona zote mbili zinakokota, kwa sababu huko mbele zilikutana kwenye mlango mmoja. Kuunganisha njia mbili zilizokwama kunakupa njia moja pana iliyokwama.

Basi tungekushauri nini, mwenye duka wa Mwiki?

Kwanza tofautisha kazi. Kama una saiba na mwisho wa Juni unakaribia, watu wamepanga foleni hadi nje wakitaka kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30, hapo kugawana mzigo kunalipa kabisa. Kompyuta sita, kila moja na mteja wake, ni wale wageni wa harusi. Weka kompyuta tatu kwenye faiba na tatu kwenye ruta ya laini, hata bila kifaa cha kugawanya. Waya tu na kalamu ya kuandika juu ya kila kompyuta inatumia njia gani. Ni ya kizamani lakini haimtoi mtu nje ya iTax katikati ya ukurasa wa mwisho. Kijana anayepakia video za wateja kila siku naye ana haki ya kutafuta kuunganisha kwenyewe, maana faili lake moja kubwa ndilo kabati. Lakini wewe wa duka la rejareja, la dawa, la vifaa vya ujenzi, ambaye intaneti yako ni ya kupokea malipo na kuangalia stoki, weka akiba tu. Intaneti moja ya kila siku, laini moja ya kampuni nyingine yenye bando dogo la muda mrefu, na betri ndogo ya ruta. Basi.

Jaribu kwanza kabla ya kumlipa fundi. Mwambie achomoe waya wa kwanza ukiwa katikati ya kutazama kitu, na uhesabu sekunde ngapi zinapita kabla ya intaneti kurudi. Fanya hivyo saa moja jioni, si saa nne asubuhi mtaa ukiwa kimya. Kisha achomoe stima. Mafundi wazuri hawakasiriki wakiambiwa hivi.

Laini ya pili si ya data peke yake, na hapa tunaona watu wakiacha pesa mezani. Tangu Aprili 2022 mteja anaweza kulipa till ya mtandao mmoja akiwa kwenye mtandao mwingine. Kwa hiyo mteja akikuambia netiweki ya laini yake imepotea, asiondoke na mkate wako kwa ahadi ya kesho. Muulize kama ana laini nyingine yenye salio. Na wewe mwenyewe, laini inayopokea ujumbe wa till isikae kwenye simu ambayo mtoto anatazamia YouTube. Simu ya kabambe inatosha. Haihitaji data, betri inakaa siku kadhaa, na haiganda.

Hii ya laini ya till tunaisisitiza kwa sababu ya matapeli. Wanapenda sana saa za netiweki mbovu. Anakuja jioni duka limejaa, anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake: amelipa 3,400. Wewe simu yako haijalia, lakini intaneti imekuwa mbaya tangu saa kumi na mbili, unafikiria ndiyo hiyo hiyo, unamwachia mzigo. Ujumbe alijiandikia mwenyewe. Usimhukumu mteja kwa simu yake. Angalia salio la till yako kwa njia isiyotumia data, ile ya kubonyeza nyota na reli, na kama haionyeshi pesa, mzigo unabaki kaunta. Mteja mwaminifu atangoja dakika mbili. Mwingine atakasirika na kuondoka, na hilo nalo ni jibu.

Kwa anayelipa, kanuni ni moja: ukurasa ukikuambia umeshindwa, usiuamini hadi uangalie meseji na salio. Mashahidi wako ni laini na taarifa ya akaunti, ukurasa wa laptop si shahidi. Kama pesa imetoka na huduma haijaingia, una nambari ya muamala; itumie kudai. Ukibonyeza mara ya pili bila kuangalia, sasa una miamala miwili ya kufuatilia na muuzaji ambaye huenda alishapokea yote.

Lakini hatutaki mzigo huu wote uwekwe kwa mteja, na hili tunalisema tukijua linatuhusu sisi pia pamoja na kila kampuni inayogusa pesa za watu kwa simu. Ombi la malipo linapaswa kuwa na nambari yake tangu linapozaliwa, ili mteja akibonyeza mara mbili kwa sababu njia ilikatika, mfumo ujue ni lile lile na usikate tena. Teknolojia hiyo ipo, si ya kuvumbua. Programu ya malipo inapaswa kuvumilia kuhama kutoka WiFi hadi data bila kumtupa mtu nje, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyoishi: wanaanza kulipa kwenye WiFi ya ploti na kumaliza wakiwa barabarani. Na neno "imeshindwa" lisiandikwe kwenye skrini kama mfumo haujui. Waandike "hatujapata jibu bado, usilipe tena". Maneno matano. Yangeokoa pesa nyingi kuliko ruta yoyote ya intaneti mbili inayouzwa Ruiru.

Kama bado unataka kuunganisha baada ya kusoma haya yote, sawa, hatukukatazi. Andika kwenye karatasi vitu vinne kabla hujamuita fundi: kazi gani inakusumbua, saa ngapi, intaneti zako mbili zinapita nguzo gani na mnara gani, na zina kitu gani cha kuzishikilia stima ikipotea. Mpe hiyo karatasi. Akianza kwa kukuuliza maswali zaidi, mkaribishe. Akianza kwa kukutajia bei ya kifaa, mshukuru na utafute mwingine.